Maman Amepola

Siku theluji ilipoifunga Brussels, Lucienne alikuwa amekasirika tangu alfajiri, na waliomkasirisha hawakuwa mmoja wala wawili.

Wa kwanza alikuwa Arnaud, mwenye nyumba. Lucienne na mama yake, Maman Cécile, walipanga orofa ya tatu katika jengo la zamani kandokando ya Chaussée de Wavre, kule Matonge, mtaa wa Wakongo, na mtambo wa kupasha joto jengo zima, ile chaudière ya kule chini, ulikuwa umezimika siku mbili. Arnaud alipigiwa simu mara saba. Mara ya kwanza alisema fundi anakuja. Mara ya pili alisema fundi yuko njiani. Kuanzia mara ya tatu hakusema kitu, kwa sababu hakupokea. Mwanaume mzima anajificha nyuma ya simu! Lakini siku ya kuja kukagua nani ameanika nguo dirishani, hupanda ngazi zote tatu bila hata kuhema.

Wa pili alikuwa Nathalie, mkuu wa zamu katika nyumba ya wazee, ng'ambo ya Schuman, ambako Lucienne alikuwa akiwaosha na kuwalisha wazee wa watu mwaka wa kumi na moja sasa. Lucienne aliingia kazini jana yake asubuhi. Mchana ikashuka mvua ya barafu, barabara zikawa kioo, mabasi yakasimama, na wa zamu ya jioni hakutokea hata mmoja. Nathalie akasema hakuna kutoka. Wakalala vitini. Kulipokucha theluji ilikuwa imefika magotini, redio inasema moins onze, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, na Nathalie akarudia palepale: hakuna kutoka, tuko watatu tu kwa wazee ishirini na sita.

Na Maman Cécile, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa peke yake orofa ya tatu, na mablanketi matatu na kile kimashine kidogo cha umeme cha kutoa joto.

Saa mbili asubuhi mama alipiga simu. Jengo zima lilikuwa limechomeka vimashine kama hivyo kwa wakati mmoja, umeme ukakatika. Maman Cécile hakuwa analia, alikuwa anafoka.

"Lucienne! Ule muzungu wa nyumba iko wapi? Aje alale humu yeye! Mimi nilikimbia vita Bukavu, sikukuja kufa na baridi ku nyumba ya muntu! Na wewe uko unaogesha mama za wengine!"

"Maman, niko nakuja, njia imefungwa..."

"Njia! Bukavu tulitembea na mvua ya mawe tukiwa na mizigo ku kichwa, njia haikufungwa!"

Simu ikazima, chaji imekwisha. Maneno ya mwisho yalimchoma Lucienne kuliko yote, maana yalikuwa ya kweli. Ni kweli alikuwa anaogesha mama za wengine.

Hapo ndipo alipompigia Mukendi. Huyu alikaa orofa ya pili, mjane wa miaka sitini na kitu, mtu wa Lubumbashi kule Katanga, mwenye roho nzuri na mdomo usiopumzika. Nyumba yake nayo ilikuwa baridi, ila alikuwa na jiko la gesi, na jana alikuwa amemwomba Maman Cécile ashuke akae karibu na moto. Maman Cécile alikataa katakata. Yeye mjane, Mukendi mjane, watu wa kanisa wangesema nini? Hata theluji haikumtoa kwenye hilo.

"Papa Mukendi, tafadhali," Lucienne alisema, "upande umuone Maman. Umupelekee chai. Amekasirika mubaya sana. Umubembeleze mupaka apole."

"Maman Lucienne, hiyo tu? Usiwe na wasiwasi. Lakini baridi hii, eeh! Munasema baridi, ninyi batu ya Kivu? Kwetu Lubumbashi, mwezi wa saba..."

"Papa Mukendi. Chai."

"Naenda, naenda."

Mwenye kumjua Mukendi anajua habari ya Lubumbashi na mwezi wa saba. Kwake hakuna baridi duniani ambayo Lubumbashi haijaionja kwanza. Barafu ikianguka Brussels, yeye ataitafutia ndugu yake Katanga. Na jikoni kwenye nyumba ya wazee kulikuwa na ugonjwa huohuo: Darlène, mwenzake Lucienne katika zamu, mwanamke wa Goma, alikuwa anakata mikate na kueleza kwamba upepo wa Goma ukitoka kwenye volkano na vumbi lake ni mbaya kuliko theluji, kwa sababu theluji walau ni safi. Lucienne alimwangalia akatamani kumtupia mkate. Watu wanashindanisha hali ya hewa kama watoto wanaoshindanisha baba zao, na mama wa mtu yuko gizani!

Saa nne kasoro, Mukendi alituma ujumbe wa sauti. Dakika nne na ushee.

Lucienne alikuwa amemshika mzee mmoja kwapani, anamvusha kutoka kitandani kwenda kitini. Akabonyeza kwa kidole gumba. "Maman Lucienne, bon, baridi ya leo inanikumbusha mwaka wa quatre-vingt-onze, Lubumbashi, maji ku ndoo yaliganda, tukavunja na nyundo..." Lucienne akafyonza. Akasogeza mbele. Bado ndoo. Akasogeza tena, mpaka mwisho kabisa, na sauti ya Mukendi ikasema: "Donc, maman amepola. Amepola kabisa. Amelala. Nimuamushe ao?"

Lucienne alimketisha mzee kitini. Akaandika haraka haraka: *Asante Yesu. Usimuamushe. Umuache alale.*

Basi. Akaendelea na kazi. Alifanya kazi vizuri, hata alimtania Darlène kuhusu volkano yake. Hasira ya mama yake imeshuka, mama amelala, jioni magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yatapita na yeye atakwenda nyumbani. Saa mbili na nusu nzima aliishi hivyo, na saa hizo mbili na nusu ndizo ambazo hatajisamehe.

Ilipofika saa sita na nusu, Darlène alikuwa anasukuma kigari cha chakula. Bibi mmoja Mbelgiji akasukuma sahani yake mbali na kukunja uso. Darlène akachovya kijiko, akaonja, akamgeukia Lucienne na kusema kwa Kiswahili, kama wasemavyo kila siku wakiwa wawili:

"Supu imepola."

Lucienne alikuwa ameshika bilauri. Haikumponyoka, aliiweka mezani taratibu. Kwao, Kivu kama Katanga, mtu aliyekuwa na hasira akitulia, amepola. Na chai iliyosahaulika mezani imepola. Neno ni hilohilo moja.

"Darlène," alisema, "mikono ikipola, muntu unasema aje?"

"Unasema mikono imepola. Kwa nini?"

Akampigia Mukendi. Simu haipatikani. Tena. Haipatikani, umeme hakuna, chaji itatoka wapi? Akapiga cent douze, namba ya dharura. Sauti ya mashine ikamwomba asubiri, kisha sauti ya mtu ikachukua anwani na kusema magari yote yako barabarani, watafika wakiweza. Wakiweza! Akachukua koti.

Nathalie alisimama mbele yake mlangoni. "Lucienne, nimesema hakuna kutoka. Ukitoka ni kuacha wagonjwa. Nitaandika ripoti."

"Andika!" Lucienne alipaza sauti mpaka wazee wakageuka. "Andika na jina langu uliandike vizuri! Nimewashika mama zenu miaka kumi na moja. Wangu iko anakufa na baridi, na unaniambia ripoti? Toka mbele yangu!"

Nathalie alitoka mbele yake.

Nje, mtaa wa maofisi ulikuwa kama umehamwa. Siku nyingine pale Schuman watu wa suti wanakanyagana. Leo kulikuwa na mlinzi mmoja tu kwenye kibanda, aliyempungia mkono wa kumkataza asipite. Alipita. Upepo ulimpiga usoni mpaka machozi yakaganda kwenye kope. Chini ya theluji kulikuwa na barafu ya jana, na alianguka mara ya kwanza kabla hata hajafika Place du Luxembourg, akaanguka mara ya pili juu ya kiwiko, akaamka anatukana. Alimtukana Arnaud. Alimtukana Nathalie na ripoti yake. Alimtukana Mukendi kuliko wote: mzee mzima, hajui kusema "Maman iko na baridi", hajui kusema "kuja"? Anajua ndoo tu!

Alipofika mwanzo wa Matonge alisimama chini ya turubai la duka la vitenge lililofungwa, akatoa simu na kuweka ule ujumbe sikioni, safari hii tangu mwanzo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ndoo ikapita. Nyundo ikapita. Na katikati, pale alipokuwa ameparuka, Mukendi aliacha kujisifu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"...nimemupelekea chai, hataki. Nimemuongelesha, anajibu maneno sielewi, ananiita jina la kaka yake aliyekufa. Mikono imepola, miguu imepola. Mbele alikuwa anatetemeka, sasa hatetemeki tena. Mimi sijui kama hiyo ni vizuri. Wewe ulisoma mambo hayo, Maman Lucienne, uniambie. Nitafanya vile utasema."

Mzee aliyeacha kutetemeka! Kila mfanyakazi wa nyumba ya wazee anafundishwa hilo wiki ya kwanza: kutetemeka ni mwili unapigana, kuacha kutetemeka ni mwili umechoka. Lucienne mwenyewe aliwahi kuwafundisha wageni wa kazi. Akatia simu mfukoni akakimbia, na barafu ikamwachia.

Mukendi alikuwa amekaa kwenye ngazi, nje ya mlango wao, amejifunga blanketi. Alipomwona Lucienne, aliweka kidole mdomoni.

"Polepole, Maman Lucienne. Amelala. Nimekataza hata batoto ba juu, basikanyage kwa nguvu."

Lucienne alimpita akasukuma mlango. Maman Cécile alikuwa kitandani, uso umepauka kama majivu, kofia ya sufu imemshukia jicho moja. Lucienne alimwita. Alimwita tena kwa nguvu. Kope zilicheza kidogo. Akatafuta mapigo shingoni, akangoja, akayapata, mazito na yaliyoachana sana. Akavua koti lake lenye theluji na nguo zilizolowa, akaingia ndani ya mablanketi, akamkumbatia kifua kwa kifua, na baridi ya mwili ule ikamkata pumzi.

"Lete maji ya moto! Weka ku machupa!" alimpigia Mukendi kelele. "Kwa nini ulimuacha? Saa tatu nzima! Una macho gani? Muntu anakufa mbele yako na wewe umekaa ku ngazi unalinda mulango!"

Mukendi alisimama mlangoni.

"Maman Lucienne, nilikuuliza. Nilikuuliza nimuamushe ao. Ukajibu."

"Nilijibu nini?"

Mzee wa watu hakutaka kusema. Lucienne akamlazimisha, akarudia swali kwa ukali, kana kwamba bado kulikuwa na nafasi ya jibu kuwa jingine.

"Uliandika nisimuamushe," Mukendi alisema. "Uliandika, *asante Yesu*. Mimi nikasema bon, mwenye kujua amesema."

Akashuka kwenda kuchemsha maji. Lucienne alibaki amemshikilia mama yake, na hasira yote aliyoitembeza kutoka Schuman ilikuwa mle chumbani naye, haina tena wa kumwendea. Watu wa ambulansi walifika baada ya nusu saa, buti zao zinadondosha theluji. Mmoja akapima joto la mwili akamwangalia mwenzake. Vingt-neuf, nyuzi ishirini na tisa tu. Wakamshusha Maman Cécile ngazi zote tatu bila kumtikisa, kama mtu anayebeba mayai.

Mama hakufa. Hilo lisemwe waziwazi, asije mtu akamlilia bure. Siku ya pili mchana, hospitalini, alifungua macho, akaomba maji, akamwuliza muuguzi kama Brussels imeshindwa kununua mkaa. Lucienne alikuwa amekaa pembeni, kiwiko kimefungwa bendeji, hajalala.

Maman Cécile aligeuza kichwa. Sauti ilikuwa ndogo, lakini akili zilikuwa zake zote.

"Nilikungoja," alisema. "Nilijisikia naenda. Mukendi alikuwa ananiambia, ngoja, nimeita Lucienne. Alikuita kweli, ao alinidanganya?"

Alikuwepo Arnaud wa kulaumiwa. Alikuwepo Nathalie. Theluji yenyewe ilikuwa bado imejaa dirishani, na hakuna mtu angebisha. Na Mukendi ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote, angesema tu hakuitwa, na mzee yule asingefungua mdomo kumkanusha.

"Aliniita, Maman."

"Saa ngapi?"

"Saa ine ya asubuhi."

Mama alihesabu.

"Ukasema nini?"

"Nikasema akuache ulale." Lucienne aliyatoa yote, mpaka ndoo, mpaka kidole gumba kilichosogeza ujumbe mbele, mpaka jinsi alivyomtania Darlène. Alisema kwa hasira hata alipokuwa anajishitaki. "Sikusikiliza, Maman. Nilichoka na maneno yake, sikusikiliza."

Maman Cécile hakulia wala hakufoka. Alivuta shuka mpaka kidevuni kwa mkono ule wenye sindano.

"Toka," alisema. "Nitakuita."

Lucienne alitoka akakaa kwenye benchi la korido, mkabala na mlango. Wauguzi walipita, chakula cha jioni kikapita, taa za chumbani zikapunguzwa. Hakuitwa.