Dani Ameshuka Ukutani

Jumamosi asubuhi Norah aliingia jumba la sanaa la Makongeni na thamosi ya chai kwapani, akakuta picha ya nyanya yake, aliyemwita Dani kwa Kijaluo, haina mtu. Sufuria ya mafuta iko, kigoda kiko, lakini Dani mwenyewe alikuwa amesimama dirishani akikagua pazia.

"Hii haijafuliwa tangu Pasaka," Dani akasema. Alikuwa amekufa mwaka juzi, lakini kwa mambo ya usafi hakuwa amebadilika.

Norah akammiminia chai, halafu akamsomea kadi iliyobandikwa chini ya picha: *Mwanamke asiyejulikana akipika mandazi.* Asiyejulikana! Dani Awiti, aliyelisha Makongeni yote, kuanzia watu wa reli hadi pasta!

Wakaenda moja kwa moja kwa Githinji, msimamizi. Githinji akampa Dani kiti, akamuuliza kama magoti bado yanamsumbua.

"Si unanijua wewe?" Dani akauliza.

"Nakujua sana, Dani. Nilikuwa nakula mandazi zako nikienda shule."

"Basi andika jina."

"Shida ni mchoraji hakutuachia jina. Lazima mtu athibitishe."

"Nathibitisha mimi."

"Wewe ni sehemu ya maonyesho, Dani. Haiwezekani."

"Na mimi je?" Norah akaruka. "Mjukuu wake kabisa!"

"Wewe utampendelea."

Dani akakataa kurudi ukutani. Jumapili akawasha jiko pale mlangoni, na watu wakatoka kanisani wakapiga foleni. "Awiti, niongeze!" "Awiti, hizi za leo ni moto!" Githinji alikula tatu. Wageni kutoka mjini nao walisimama mbele ya kile kigoda kitupu, wakakipiga picha na simu, wakasema kina ujumbe mzito sana.

Jumatatu Norah akaambiwa kadi imebadilishwa. Alikimbia kutoka stage ya matatu, akasoma kwa sauti ili Dani asikie: *Kigoda cha mvule, miguu mitatu, kilichongwa Siaya. Aliyekikalia hajulikani.*

Dani akapangusa mikono kwenye leso, polepole.

"Kumbe kigoda ndicho kina kwao," akasema.

Githinji akachungulia mlangoni. "Kuna mandazi zimebaki?"

"Za nani?"

"Zako, Dani Awiti."

Dani akampa mbili, akapanda ukutani, akakalia kigoda cha watu.