Kifungu cha Mtu Aliyelala

Taa ya kipokezi ilikuwa ya kijani, mara ikawa nyekundu, na kikombe kikamponyoka mhariri mkononi. Kidude kilichobandikwa kifuani mwa mama yake, kidogo kama kifungo cha koti, kilikuwa na kazi moja tu: kutuma habari za moyo, bila waya, hadi kwenye kipokezi kilichokaa juu ya kabati la sebuleni. Nyekundu maana yake habari hazifiki. Alikimbilia chumbani akimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mbele wala nyuma, yeye ambaye hata orodha ya sokoni aliiandika kwa vichwa na vifungu.

Mama alikuwa anakoroma. Alikuwa kifudifudi, katika usingizi mzito wa baada ya chakula cha mchana, amekilalia kidude kwa uzito wake wote. Binti alipomgeuza taratibu, taa ile, iliyoonekana kupitia mlangoni, ikarudi kijani. Mama akafumbua jicho moja, akauliza kama nyumba inaungua.

"Hapana, Mama. Lala."

"Nilikuwa nimelala," alisema mama kwa uchungu, akavuta shuka.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kazini, mhariri huyu walimwita Mama Nukta, maana hakuna nukta wala mkato uliopita mbele yake bila kuhojiwa. Kwa miaka alikuwa akiihariri rasimu ya kiwango cha mawasiliano ya vifaa vinavyovaliwa mwilini, kitabu cha kuwaelekeza watengenezaji wote kifaa kiseme kwa nguvu gani, kwa lugha gani, na kisikike umbali gani, ili kidude cha huyu kielewane na kipokezi cha yule. Aliipenda rasimu ile, na tusifichane, ilimpa kiburi kidogo. Wiki hiyo hiyo ilikuwa ipitishwe na kamati, na suti yake ya kupigia picha za siku hiyo ilikwisha pigwa pasi.

Asubuhi yake alikwenda maabara, akasimama mbele ya Bwana Chumvi. Huyo alikuwa sanamu la plastiki lenye umbo la mtu, lililojazwa maji ya chumvi ili limeze mawimbi ya redio kama mwili unavyoyameza. Vipimo vyote vya rasimu vilichukuliwa kwake, na vyote akiwa wima. Hakuna aliyethubutu kumlaza, kwa sababu moja ya aibu: kifuniko chake cha shingoni kilivuja, na siku walipojaribu kumwinamisha alilowesha zulia la mkuu wa maabara. Wakakubaliana asilazwe tena. Mazoea yakawa kanuni, kanuni ikawa sura nzima ya kitabu, na wasomi wazima na shahada zao wakasahau kwamba binadamu hulala. Mama Nukta alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Sura hiyo ya vipimo ndiyo aliyoionea fahari kuliko zote.

Angeweza kunyamaza. Rasimu ingepita, picha zingepigwa, dosari ingerekebishwa siku za usoni, na nani angejua? Alizunguka na wazo hilo siku nzima, na halikukosa utamu. Kilichomkosesha raha ni zile taa nyekundu. Mawazoni aliziona zikiwaka katika nyumba za watu, wenyewe wakishtuka mara ya kwanza, mara ya pili wakiguna, mwisho wakizizoea, mpaka siku moyo utakaposimama kweli na mtu aseme, ah, amekilalia tu. Hapo akapiga moyo konde.

Kamati yao haikuwa na desturi ya kupiga kura. Mwenyekiti, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliuliza tu kama kuna anayepinga. Ukimya ulihesabiwa kuwa ndiyo, na pingamizi moja lenye hoja lilitosha kusimamisha kila kitu. Siku hiyo aliuliza huku wajumbe wamekwisha anza kufunga mikoba.

"Napinga," alisema Mama Nukta.

Mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Mhariri kuipinga rasimu yake mwenyewe ni sawa na mpishi kuwanyang'anya wageni sahani. Lakini alieleza yote, pamoja na kifuniko kinachovuja, bila kumsukumia mtu lawama. Aliyemjibu alikuwa mjumbe wa watengenezaji, pande la mtu waliyemwita Jabali, mkali lakini mkweli. Alisema viwanda vinasubiri, mitambo imekwisha fungwa, na usingizi wa mzee mmoja si ushahidi. Dosari hiyo iwekwe kiporo hadi toleo lijalo.

"Na watakaolala kabla ya toleo lijalo?"

Mama Nukta hakungoja jibu. Kidude cha maabara alikuwa amekwisha kivaa kifuani. Aliweka kipokezi mezani, akavua viatu, akajilaza kifudifudi juu ya zulia, na suti yake ya picha. Taa ikawa nyekundu. Aliinuka na vumbi kwenye kola, na ajabu, hakuona haya hata chembe. Alijiona mrefu kuliko siku zote.

Jabali alisema kidude hicho ni cha kale. Chake, kipya kabisa, kilichotoka kiwandani kwao, kilikuwa kifuani mwake tangu asubuhi. Akaweka kipokezi chake mezani, taa ya kijani ikimeremeta, akavua koti na kulikunja vizuri. Akapiga magoti kwa shida, akalala.

Mwenyekiti alikigeuza kipokezi ili kila mtu aione taa.

"Vipi?" Jabali aliuliza, uso ungali zuliani.

"Nyekundu," mwenyekiti alimjibu.

Jabali alibaki pale pale, mgongo ukipanda na kushuka. Watu walimngoja ainuke, asahihishe tai, atafute la kusema. Hakuinuka.

"Andika, Mama Nukta," alisema. "Leteni vipimo. Nitalala hapa hapa mpaka mmalize."

Mama Nukta akavuta kiti, akaifungua rasimu kwenye sura ya vipimo, ile aliyoing'arisha miaka yote hiyo. Akafuta mstari wa kwanza, akafuta wa pili, akaanza kuandika kifungu cha mtu aliyelala.