Mume Anayekuja Umeme Ukikatika

Umeme ulikatika mpiga pasi akiwa amefika nusu ya shuka. Mashine za kufulia zilizunguka mara moja ya mwisho kwa uvivu, zikanyamaza, na chumba cha dobi cha ile hoteli, kilichokuwa chini kabisa ya jengo bila dirisha hata moja, kikawa giza totoro. Mpiga pasi aliisimamisha pasi yake, akajifuta jasho la shingoni, akaanza kukitengeneza kilemba chake kwa kupapasa.

"Haya, shemeji yuko njiani," alisema mwenzake wa meza ya pili, ambaye walimwita Kinanda kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. "Mlango wa nyuma uko wazi? Msije mkamfungia nje mume wa watu."

Mlango ulikuwa wazi. Baada ya kitambo kidogo mume wa mpiga pasi aliingia na kofia yake ngumu ya njano na mkanda wa kazi kiunoni, akawasalimu wote. Alikuwa amekufa mwaka wa tatu sasa, juu ya nguzo, akiwa ameshika waya alioambiwa umezimwa. Tangu hapo alikuja kila umeme ulipokatika, na uliporudi aliondoka. Wafuaji walimpenda. Kukunja shuka kubwa kunataka watu wawili, na yeye gizani alikuwa anaona.

Msimamizi alishuka ngazi akimulika kwa simu.

"Leo tena?"

"Leo tena, bosi," alijibu mume.

"Sawa, ila usiguse mashine. Bima yetu haikuhusu."

Alikubali, akashika ncha mbili za shuka, mkewe akashika mbili nyingine. Waliyaendea yale mashuka wakikutana katikati na kuachana, wakikutana na kuachana, na kila walipokutana vidole vyao viligusana. Vya mume vilikuwa vya baridi kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Kinanda aliwapa mgongo, akajifanya anahesabu taulo gizani.

Simu ya msimamizi ikalia. Alisikiliza, akakata. "Mji mzima umezimika. Hakuna kazi, kila mtu aende kwake."

Moyo wa mpiga pasi ulimpiga paa. Mji mzima ni jambo la kuchukua muda. Binti yao, Chiriku, alizaliwa baada ya mazishi, na baba yake hakuwahi kumtia machoni. Mara zote umeme ulirudi wakiwa njiani, na mpiga pasi akajikuta anatembea peke yake, mkono umebaki umekunjwa kama bado kuna mkono mwingine ndani yake.

"Leo tutafika," alimwambia walipotoka nje.

"Tutafika, mama watoto. Twende."

Jua lilikuwa linazama. Treni ilikuwa imekwama juu ya daraja, abiria wamebandika nyuso kwenye vioo vyote. Chini yake, kwenye barabara kuu, taa za kuongozea magari zilikuwa zimekufa na madereva walikuwa wamekata shauri kwamba kila mmoja wao ndiye mwenye haki ya kupita. Honi zilipigwa mpaka masikio yakawasha. Mpiga pasi alisimama ukingoni.

"Mimi hapa sivuki."

"Nitazame mimi, usitazame magari."

Akaingia barabarani kwanza. Lori lilimpitia tumboni bila kupunguza mwendo, kisha teksi, naye akasimama pale pale, mkono ameunyoosha. "Njoo. Simama. Usirudi nyuma! Sasa, njoo." Pikipiki ilimfagia mpiga pasi pindo la gauni. Alipofika ng'ambo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mumewe akamtengeneza kilemba kilichokwenda upande.

Walitembea haraka. Mume alimweleza mkewe kwamba alikuwa amepita tena kwenye ofisi za shirika la umeme, maana walikuwa wametangaza redioni kwamba alikufa kwa uzembe wake, na neno hilo alitaka lifutwe. Mapokezi walimpokea vizuri, wakampa kiti. Wakamwambia mtandao hauko hewani kwa sababu umeme umekatika, arudi ukirudi.

"Ukawaambia nini?"

"Nikawashukuru. Niseme nini? Hebu niambie, Chiriku ana meno mangapi sasa?"

"Yote, na anayatumia kunijibu."

Mume alicheka sana, kicheko kile kile cha zamani.

Walifika kona ya mwisho. Nyumba yao ilionekana, na mlangoni walionekana watu wawili: mama yake mume, amevaa gauni lake jema, na mtoto aliyerukaruka amemshika mkono. Hapo konani palikuwa na nguzo ya transfoma, na ngazi imeegemezwa. Juu yake alikuwapo fundi wa makamo mwenye miwani, mikono mitupu, anakaza bolti.

Mume alisimama.

"Kaka, nani amezima laini hii?"

"Bosi. Amesema haiwashwi mpaka nimpigie."

"Umempigia?"

"Hapokei."

"Hata mimi hakupokea. Shuka, kaka."

Fundi alimtazama vizuri, akaiona kofia, akamtambua. "Wewe ndiye yule. Pole sana, ndugu yangu. Lakini nikiacha kazi nusu, kesho sina kazi. Nina watoto wanne. Zimebaki bolti mbili tu."

Mume aligeuka akamtazama mkewe. Mpiga pasi alitazama mlangoni, akamwona Chiriku anapunga mkono, akataka kusema hapana. Neno lilimjaa mdomoni. Ilikuwa hatua chache tu. Mtoto angeweza kuitwa akaja mbio.

"Nenda," alimwambia.

Alipanda ngazi, fundi akashuka, wakapishana katikati kama watu wa zamu mbili. Mume alikaza bolti ya kwanza. Aliposhika ya pili transfoma ilinguruma, na taa zikawaka mtaa mzima. Madirishani watu walishangilia, "Umerudiii!" Juu ya nguzo hapakuwa na mtu. Bolti zote zilikuwa zimekazwa.

Fundi aliketi chini na kuvua miwani. Simu yake ikaita.

"Umemaliza? Safi," ilisema sauti ya bosi. "Gari linakuja kukuchukua, kuna nguzo nyingine kule juu."

"Bosi, umewasha kabla sijakupigia. Na glavu sina."

"Glavu tutaangalia mwezi ujao."

Mpiga pasi alimsaidia kusimama. Kisha akaenda nyumbani.

"Baba yuko wapi?" aliuliza Chiriku.

"Amefika pale kona."

"Karibu, eeh?"

"Karibu sana, mwanangu."

"Alikuwa anafanya nini?" aliuliza bibi.

"Kazi, mama."

Chiriku alitaka kupaona, basi wakaenda wote watatu, wakasimama chini ya nyaya zilizokuwa zikivuma. Mtoto alipunga mkono kuelekea juu, kwa muda mrefu, mpaka mkono ukamchoka, akabadilisha na kupunga mwingine. Gari la shirika liliwapita likipanda mlima, fundi yuko nyuma, ameshikilia ngazi kwa mikono mitupu. Bibi alilifuata kwa macho mpaka likapotea, kisha akavua mtandio wake, akamfunika mjukuu mabegani.