Kondoo wa Kuombea Radhi

Kondoo alikuwa amefungwa miguu nyuma ya gari, na Hamayun Khan, mwenye redio, alikuwa akimfundisha Baryalai la kusema.

"Utasema kosa ni lako. Umri umekwenda, ukapitiwa. Basi. Mzee Torbaz atatusamehe, tutarudi zetu Peshawar."

"Habari yenyewe sikuiona, Khan."

"Nani kakuuliza kama uliiona? Mimi nakuuliza kama unataka kazi."

Baryalai akageukia dirisha, akatazama miwa iliyolazwa na mafuriko. Miaka ishirini na miwili alikuwa msahihishaji wa Kipashto pale redioni, na hakuna karatasi iliyomfikia msomaji bila kupita mezani kwake. Hamayun aliifuta meza hiyo eti inachelewesha, akamtupa mtu mzima kwenye matangazo ya sabuni. Tangu hapo habari ziliingia kwa Kiurdu, vijana waliosomeshwa Kiurdu tangu chekechea wakazigeuza Kipashto kwa dakika nne, zikasomwa hivyo hivyo. Redio nyingine zisitutangulie: hiyo ndiyo sheria pekee iliyobaki.

Juzi, katika haraka hizo, aya nzima ilirukwa. Wilaya nzima ikasikia kwamba mwalimu Zmarak, mtoto wa Mzee Torbaz, aliwakimbia wanafunzi wake maji yalipoingia darasani. Aliyekimbia ni dereva wa basi. Zmarak aliwabeba mgongoni mmoja mmoja, na sasa anazomewa akienda msikitini.

Walipofika kijijini, wazee walikuwa wamekaa kwenye vitanda vya kamba barazani pa wageni. Hakuna aliyeinuka kuwapokea. Kondoo akaachwa mlangoni.

"Mmekuja na kondoo kuomba radhi, mila hainiruhusu kuwafukuza," alisema Torbaz bila kuwaangalia. "Lakini kwanza nijue. Nani aliipitia habari ya mwanangu kabla haijasomwa?"

Hamayun akamkanyaga Baryalai mguu.

Wazee walikuwa wakimngoja Baryalai. Nusu yao walimjua kwa jina, wengine walikuwa wakimwandikia barua kuuliza maana za maneno. Akikubali, atakufa akiitwa mtu aliyemchafua Zmarak.

"Hakuna," alisema. "Meza ya kusahihisha ilifutwa. Mimi siku hizi natangaza sabuni. Nimeandika barua tatu kulalamika, hazikujibiwa."

"Mwongo huyu," Hamayun alidakia. "Mzee, anatetea tonge lake tu. Mimi Mpashtuni kama nyinyi. Lugha hii nimeinyonya kwa mama. Ningeidharau vipi?"

Torbaz akamtazama kwa mara ya kwanza. Akatoa karatasi mfukoni, mistari sita ya Kipashto kwa mwandiko wa Zmarak mwenyewe.

"Vizuri. Masahihisho ni haya, na yatasomwa kwa sauti yako. Hebu soma hapa tusikie."

Hamayun akaipokea. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akasoma neno la kwanza, akalirudia, akalibadilisha, na kwenye la tatu akakwama kabisa. Bwana mkubwa alisomea shule za bweni za Kiingereza, na Kipashto alikizoea cha kuagizia wapishi chakula. Herufi za lugha ya mama yake zikamtoa jasho mbele ya watu ishirini. Mzee mmoja akacheka kwa puani.

"Miwani nimeisahau," alisema Hamayun, kisha akamwinamia Baryalai. "Ustadh, ninong'oneze. Kesho unarudi kwenye meza yako, naapa."

Kutoka alipokaa Baryalai aliiona mistari yote sita, na aliweza kuisoma kwa pumzi moja. Meza ile aliitaka kuliko kitu chochote, lakini alijua kiapo cha Hamayun hakina uzito. Akainuka, akaenda kukaa kwenye kitanda cha wazee.

"Jina la mwanangu liko mstari wa sita," alisema Torbaz. "Hutoki hapa mpaka ulifikie."

Hamayun akafuta jasho, akarudi neno la kwanza.