Ukuta wa Hoteli

Mudrik Mmanga alikuwa mhandisi wa kwanza kutoka mtaa wao wa Nungwi. Mtu akitaka kuchimba kisima au kupandisha ghorofa, humsubiri aje Ijumaa kutoka mjini amtazamie.

Alifanya kazi huko mjini, mtaa wa Malindi, katika ofisi ya ghorofani ya Bi Nusrat, mhandisi wa makamo aliyeanzia serikalini kabla ya kufungua kampuni yake. Hoteli moja ya Nungwi ilipoanza kuliwa na bahari, bustani ikaporomoka na bwawa la kuogelea likapasuka, kazi ya kujenga ukuta ililetwa kwao. Bi Nusrat akampa Mudrik.

"Kwenu kule," alimwambia. "Bahari yake unaijua."

Aliijua. Ndiyo maana mchoro ulipokaribia kumalizika alimrudia.

"Bi Nusrat, wimbi likipiga ukuta halifi. Litageuka, liende likale pembeni. Na pembeni ni kwetu. Pana makaburi pale."

Bi Nusrat alivua miwani. "Mchoro wako unaishia wapi?"

"Kwenye mpaka wa hoteli."

"Basi na kazi yetu inaishia hapo. Nilipokuwa serikalini tukipewa pwani nzima, Mudrik, na tukijibu kwa kila aliyekaa juu yake. Siku hizi tunajibu kwa mteja. Nitawaambia, lakini usitaraji kitu."

Aliwaambia kweli. Hoteli ilishukuru, ikataka ukuta uanze kabla ya msimu wa wageni.

Mudrik aliujenga vizuri. Maji makubwa ya bamvua yalikuja yakaupiga, wala haukutikisika. Bustani ikapandwa upya. Wajomba zake wakawa wanawapeleka wageni kuutazama, wakisema huu kaujenga mtoto wetu.

Mwaka uliofuata ufuo wa kijiji ulianza kushuka. Minazi ya ukingoni ikalala mmoja baada ya mwengine. Halafu asubuhi moja, wanawake waliokwenda pwani kuokota makombe wakakuta mfupa wa paja la mtu mchangani. Shangazi yake, Bi Mwanakheir, ndiye aliyempigia simu.

Watu walikuwa wamekusanyika nje ya msikiti. Hakuna aliyemkasirikia, na hilo lilimwumiza zaidi. Masoud, sheha anayeusimamia mtaa wao, alimshika mkono.

"Tumefurahi umekuja. Tujengee na sisi ukuta kama ule."

Mudrik alieleza. Alisema wakijenga hapa, maji yatahamia mtaa wa pili, yawafanye wale kama yalivyowafanya wao. Alieleza kwa makini, kama alivyofundishwa, na Bi Mwanakheir alikuwa akimtazama muda wote.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua," alisema.

"Nlikuwa najua, shangazi."

"Ukaujenga."

"Nliwaambia."

"Uliwaambia nani? Mimi hukunambia."

Sheha alikohoa, akageuza mazungumzo, wakapanga siku ya kuhamisha makaburi. Sheikh wa msikiti alisharuhusu, kwa kuwa bahari haikubakisha njia nyengine.

Walianza baada ya sala ya alfajiri, maji yalipokuwa yametoka. Mudrik alichimba kaburi la baba yake, ambalo upande mmoja ulikuwa umeshafunguka. Binamu yake aitwaye Mkubwa alimpokea mifupa kidogo kidogo, akiilaza juu ya sanda mpya.

Riyama, binti wa Bi Mwanakheir, alikuwa na kaburi la mtoto wake wa kwanza, aliyekufa angali mchanga. Walichimba hapo wasione kitu. Wakaendelea kwa mikono, wakichekecha mchanga kwa vidole, mpaka maji yakaanza kurudi. Riyama akawaambia basi. Alichota mchanga wa mle shimoni, akaufunga kwenye kipande cha sanda, na huo ndio waliouzika kule juu, kwenye makaburi mapya.

Mudrik alirudi ofisini. Haukupita muda mrefu, hoteli ya pwani ya mashariki nayo ikataka ukuta. Alimwambia Bi Nusrat hataushika mchoro mpaka kijiji cha jirani kiambiwe kitakachowafika. Bi Nusrat hakubishana naye. Kazi alimpa kijana mwengine, Wakil, aliyekuwa na watoto wadogo na hakuuliza kitu.

Basi Mudrik alikwenda mwenyewe kwenye kijiji hicho cha mashariki. Alimkuta Bi Muzdalifa, mkulima wa mwani, akianika mwani wake kando ya nyumba, na majirani wawili watatu wakasogea. Akawaeleza ukuta utakuwa wapi na maji yatageukia wapi. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakamtilia chai.

"Sasa sisi tufanye nini?" Bi Muzdalifa alimuuliza.

Mudrik aliutazama ufuo wao mrefu, mweupe, uliotulia. Alisema waende kwa sheha wao, waende wilayani, wapige kelele. Yeye mwenyewe alisikia namna sauti yake ilivyokuwa nyepesi.

Ukuta ulikamilika kabla ya Ramadhani.