Mpaka Aache Ziwa

Vénuste alimwaga maharage mezani akaanza kuyapanga yawe barabara. Harage la kwanza lilikuwa daraja la Rusizi ya pili, la kutoka Rwanda kuingia Kongo, ambalo wangelivuka kwa miguu. La pili lilikuwa Bukavu, ambako rafiki yake Christophe-Aimé angewasubiri na gari. Likafuata la Nyantende, la Mugogo, la Walungu, na la mwisho kabisa, karibu na ukingo wa meza, Burhale.

"Hapa Nyantende tunasimama," alisema. "Mutoto atapike kama ni kutapika, aone ng'ombe, anawe uso. Mugogo tunakula. Kutoka Mugogo atalala yeye mwenyewe."

Alisema kama mtu anayepanga sikukuu. Mkewe Elikia alikuwa ameketi karibu na mlango akichambua sambaza, samaki wadogo kama dagaa, na macho yake hayakuwa kwenye maharage. Yalikuwa kwa Jolie, ambaye alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, kidevu kikigusa meza. Mkono mdogo ukapanda, ukachukua harage la mwisho, ukalitia mdomoni.

"Amekula Burhale," Vénuste akasema akicheka.

Elikia aliinuka, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akalitoa harage zima likiwa na mate, akalirudisha mahali pake. Yeye hakucheka. Laiti ingekuwa rahisi hivyo, mtoto akimeze kijiji pamoja na barabara yake, wao wabaki nyumbani Kamembe. Maana safari ile, hata ungeipanga kwa akili namna gani, ilikuwa ya kwenda watatu na kurudi wawili.

Jolie hakuwa mtoto wa tumbo lake. Alikuwa wa dada yake, Béatrice, aliyeolewa Burhale na Muderhwa, ng'ombe wa mahari wakatolewa wote mpaka wa mwisho. Béatrice alijifungua akafa kabla mtoto hajapewa jina. Juma lilelile, huku Kamembe, Elikia alikuwa amemzika mtoto wake wa kiume, na maziwa yalikuwa yamemjaa kifuani yakimchoma, hayana wa kuyanywa. Wakamletea yule mchanga akiwa amefungwa ndani ya kitenge cha marehemu. Siku ya kumaliza kilio, Muderhwa alisimama mbele ya ukoo akasema mtoto akae kwa mama yake mdogo mpaka aache ziwa, kisha arudishwe kwao. Watu wote wakaitikia. Elikia naye aliitikia. Siku ile ziwa lilikuwa jambo la leo, na kuacha ziwa kulikuwa mbali, jambo la watu ambao hawajazaliwa.

Mtoto aliyetolewa ng'ombe ni wa baba. Kwa Bashi, watu wa kabila lao, hilo hata mlevi halibishii. Lakini mtaani hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe. Walimwona mwanamke na mtoto mgongoni, wakamwita Mama Jolie, na mumewe wakamwita Papa Jolie. Hata wao wenyewe ndani ya nyumba waliitana hivyo, mpaka majina yao ya zamani yakawa kama nguo za mgeni.

Elikia alikuwa akinunua sambaza kwa wavuvi wa Nkombo, akiwakausha na kuwauza. Kazi hiyo ina bwana mmoja, naye ni mwezi. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa zake, samaki wanaufuata mwanga, na asubuhi wanawake wanakimbilia pwani na mabeseni. Mwezi ukijaa, samaki hawaitaki taa ya mtu, wavuvi wanalala, na mwanamke wa sambaza anapata nafasi ya kusafisha nyumba, kuzuru wagonjwa na kwenda harusini. Kwa hiyo safari ya Burhale ilipangwa wakati wa mbalamwezi, na kila mbalamwezi ilikuja na sababu yake.

Mara ya kwanza mtoto alikuwa na homa. Mara ya pili mvua iliharibu barabara kupita Walungu. Mara nyingine Elikia alisema mtoto huyu hajawahi kupanda gari, na huwezi kumtia garini mtoto wa umri ule siku nzima bila kumjaribu kwanza. Vénuste akaona ni neno la busara. Wakampeleka Giheke na kurudi, bila shughuli yoyote huko, kumpima tu. Elikia alimshika mapajani akimtazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa jikoni. Aliona midomo ikikauka, aliona macho yakitulia mahali pamoja, akajua hata kabla mtoto mwenyewe hajajua. Jolie akatapika kwenye kona ya kwanza ya mteremko. Elikia akampangusa na kumbembeleza, akimwambia pole mama, pole, na moyoni mwake, Mungu amsamehe, alikuwa anamshukuru mtoto.

Basi wakaongeza vitu vya safari. Termosi ya uji. Sashe za plastiki za kutapikia. Kitenge cha kumfunika dhidi ya vumbi, nguo za kubadilisha, beseni dogo la kukalia, kwa maana alikuwa ameshajifunza kusema haja yake. Vénuste alimnunulia viatu vyekundu vyenye vifungo, vya kuvaa siku hiyo tu. Yeye alikulia Bukavu kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda, akaijua barabara ile tangu utoto, na kila jioni aliizungumzia mpaka ungesema ndiyo anayoipenda: mashamba ya chai, milima ikiwa na ukungu asubuhi, wanawake wa Mugogo wanaouza parachichi dirishani. Elikia alimwacha aseme. Alijua kwamba mwanamume akiogopa mwisho wa njia, anasifu njia.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Elikia hakumwambia. Miezi michache nyuma, mtoto alipata vidonda mdomoni, akalikataa ziwa. Vidonda vikapona, lakini hakulirudia. Alikunywa uji, akala ndizi, akaona dunia ina vitu vitamu vingine, akawa amejiachisha mwenyewe kwa amani, jambo ambalo mama wengine wanaliomba kwa machozi. Elikia alingoja. Asubuhi moja, Vénuste akiwa kazini, alilowanisha kidole, akakichovya kwenye kopo la sukari, akapaka chuchu. Mtoto akaonja. Akaonja tena. Kuanzia hapo akarudi, na kila mara alipoanza kusahau, kopo la sukari lilikuwa pale juu ya kabati.

Mpaka aache ziwa, walisema. Sasa kama hajaacha?

Épiphanie, dada mkubwa wa Muderhwa, alivuka daraja mara nyingi akiuza vitunguu na kabichi, lakini nyumbani kwa Elikia alikuja kwa nadra. Alikuja mbalamwezi hii, mchana, akiwa na kitenge kipya na gauni dogo la mtoto ndani ya mfuko. Alikunywa chai. Aliuliza habari za sambaza, akaeleza foleni ya darajani ilivyokuwa. Jolie akaja kutoka uani, akapanda mapajani mwa Elikia, akafungua blauzi yake kama mwenye nyumba anayefungua mlango wake.

Épiphanie alimtazama mtoto akinyonya, miguu yake mirefu ikining'inia.

"Elikia, huyu atanyonya mpaka siku ya ndoa?" akauliza. "Bamukwe batakuya na ng'ombe, batamukuta kwa ziwa."

Hapakuwa na ubaya katika sauti yake. Lakini Elikia alisikia jina lake likisemwa peke yake, bila Mama Jolie, na ilikuwa kana kwamba mtu amemvua kitu begani.

Alijibu polepole, kama alivyojifunza kujibu. Alisema mtoto anakataa uji, na hilo halikuwa kweli. Alisema barabara inamtapisha, na hilo lilikuwa kweli. Mwisho akasema lile alilolitegemea kuliko yote.

"Nitamupeleka aje, Tantine? Bado ananyonya. Atalia mpaka roho itoke."

Épiphanie akaweka kikombe chini. Akamshika mkono.

"Kama ni maziwa tu, usijichokeshe. Muke mupya wa Muderhwa amezaa. Maziwa inamwangika mpaka kwa nguo. Atabanyonyesha bote mbili."

Kuku aliingia ndani, akatembea chini ya meza, akatoka. Elikia alimtazama mpaka alipotoka. Alikuwa amelijenga boma lake kwa miezi, kijiti kwa kijiti: homa, mvua, kona za Giheke, sukari. Na nguzo ya katikati, ile iliyoshika paa lote, ilikuwa hilo ziwa. Hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba huko Burhale kungekuwa na ziwa lingine.

Épiphanie akaendelea kuzungumza kwa upole. Alieleza kwamba Muderhwa hana hasira, anashukuru, na ametenga mbuzi wa kuwapokea. Alisema Jumamosi ni siku nzuri, mbalamwezi bado ipo, na kazi ya samaki haipo. Hata hilo alilijua. Alipoondoka, gauni dogo lilibaki juu ya kiti.

Vénuste aliporudi alilikuta hapo. Elikia akamweleza yote kwa maneno machache. Alitegemea ataleta maharage, apange tena Nyantende na Mugogo. Hakuleta. Alikaa akivua viatu vyake vyenye saruji ya kazini, kiatu kimoja kikamchukua muda mrefu.

"Ile sukari," akasema hatimaye bila kuinua kichwa, "mi njo nilikuwa naongeza kwa kopo."

Elikia akaangalia juu ya kabati.

"Ulizani haiishake? Kila nikiona imeshuka, nilikuwa naongeza kidogo. Na mwezi ukijaa nilikuwa naomba mawingu, mitumbwi itoke, useme hauna nafasi."

Elikia alikuwa amedhani kwamba analibeba jambo lile peke yake, na sasa aliona kuwa walikuwa wawili chini ya mzigo mmoja, na bado mzigo haukupungua hata kidogo. Vénuste akasema wanaweza kukataa. Wanaweza kuhamia upande wa Kigali, ni nani atakayewafuata huko? Alisema hivyo akiangalia ukuta, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

"Balitupatia mutoto kwa mikono mbili," Elikia akasema. "Tutakimbia na yeye kama bezi? Siku akikua aulize kwao ni wapi, tumujibu nini?"

Vénuste aliinuka, akakikunja kile kigauni vizuri, akakiweka juu ya vitu vya safari.

Siku zilizobaki Elikia alifanya kazi ya kupanga kwa mikono iliyojua inachofanya. Alisugua termosi. Alichemsha beseni. Mambo mengi aliweza kuyafikiri bila kuanguka. Aliweza kufikiri kwamba mtoto atakula chakula cha watu wengine na kukipenda. Aliweza kufikiri kwamba atamwita mwingine mama, maana watoto wadogo husahau, na kusahau kwao ni rehema. Jambo moja tu alishindwa kulitazama: ule mdomo ukifunguka, macho yakifumba kwa uaminifu, mbele ya ziwa la mwanamke mwingine. Kila alipofika hapo, moyo wake ulisimama kama punda mbele ya daraja.

Jumamosi asubuhi alitoka uani. Kwenye ua wa nyuma kulikuwa na mubirizi, mti ule ambao majani yake ni machungu kuliko dawa, ambao mama zake na mama za mama zake waliwaachishia watoto. Akachuma majani, akayaponda kwa jiwe mpaka maji ya kijani yakatoka. Akapaka chuchu ya kulia. Akapaka ya kushoto. Walisema mpaka aache ziwa. Basi aache, na aachishwe na aliyemnyonyesha.

Jolie aliamka na nywele zimelala upande mmoja, akaja, akapanda mapajani, akafungua blauzi. Akashika. Uso wake ukajikunja. Akaachia, akaliangalia ziwa, kisha akainua macho akamtazama Elikia, si kwa hasira, bali kama mtu anayeuliza kama ni yeye kweli.

Halafu akachukua pindo la kitenge cha Elikia. Akalipangusa ziwa kwa uangalifu, kama Elikia alivyompangusa yeye mdomo kila siku baada ya uji. Akajaribu tena. Akatema. Akahamia upande wa pili, akapangusa, akaonja, akatema.

Elikia alingoja kilio. Alikuwa amejitayarisha kwa kilio. Kama mtoto angelia, angemkimbilia, angenawa kifua, angechukua lile kopo, na ulimwengu wa wanaume na ng'ombe wao ungengoja mbalamwezi nyingine. Alikaa blauzi wazi, maji ya kijani yakimkaukia, akingoja.

Jolie hakulia. Alishuka mapajani kwa kurudi nyuma, akatanguliza mguu mmoja kama alivyofundishwa. Akaenda kwenye kona palipokuwa na vitu vya safari, akasogeza termosi, akavitoa viatu vyekundu. Akarudi navyo vimebanwa kifuani, akaviweka mapajani pa Elikia, mahali alipokuwa yeye.

"Twende," akasema.

Nje Vénuste aliita kwa sauti iliyojaribu kuwa ya sikukuu. Christophe-Aimé amepiga simu, gari liko tayari ng'ambo ya daraja. Elikia akafunga blauzi. Akakishika kiatu, akamvika mtoto mguuni, akakaza kifungo. Kisha akaona amekivika kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto. Akakifungua polepole, akakivua, akaanza upya.