Mwembamba wa Getini

"Wateja wako ndio wanaonichungulia," jirani yangu seremala alisema mlangoni kwangu, mkabala na geti lake, kidole kikikaribia pua yangu. "Waambie wanasukwa kwako, si kwangu."

Nikamjibu kwamba mimi ni msusi, si mlinzi. Mteja akishainuka kitini na kichwa chake, anakokwenda anajua mwenyewe. Majirani walishaanza kutoka nje, na mimi nikiona watu wamejaa ndiyo maneno huzidi kunijia.

Kisa chenyewe kilikuwa kamera. Aliifunga juu ya geti baada ya kuibiwa randa, na fundi akaiwekea sura za wenye nyumba, yeye na mkewe Bonge, kutoka picha za harusi ya binti yao. Akipita wa nyumbani, inanyamaza. Akisimama mwingine, simu ya seremala inalia kulekule karakana: mtu asiyejulikana yuko getini. Sasa ikawa inalia karibu kila siku. Mwanamke mwembamba, mtandio kichwani. Akimuuliza Bonge nani alikuja, Bonge anasema hajaja mtu.

"Ama wewe unanificha," akasema, "ama mke wangu." Hilo la pili lilimtoka kwa sauti ndogo, na hapo nikaacha mzaha.

Nikaomba simu. Yeye huitazama kwa mbali, maana kuvaa miwani hataki. Nikaikuza picha. Uso nusu kivulini, mashavu yamebonyea. Simjui. Nikashuka kwenye mkono ulioshika komeo. Pete, imezungushiwa uzi mweusi ili isichomoke.

Uzi ule niliutoa mimi. Aliuomba dirishani kwangu, akasema pete imelegea, tukacheka kwamba hata dhahabu inazeeka.



"Shemeji," nikasema polepole, "huyu ni Bonge."

Alicheka. Kisha kicheko kikakatika. Jina lile alimpa mwenyewe wakati wa uchumba, kwa ajili ya mashavu, na mpaka leo akirudi huita tangu getini: Bonge, nimefika. Mtaa mzima tukalidaka. Mtu unamwita Bonge asubuhi na jioni, tena yumo ndani ya madera mapana, utamwonaje kwamba amekonda?

Kelele zetu zikamtoa Bonge nje, anafuta mikono kwenye dera. Alipofika getini, simu ikalia mkononi mwangu: mtu asiyejulikana.

Nikamgeuzia seremala kioo cha simu. 

Seremala alimfuata, akaushika mkono wa mkewe, akaugeuza, akaupapasa ule uzi kwa kidole gumba.

"Tangu lini?"

"Chakula kinakwama hapa." Bonge akagusa koo. "Nilidhani kitapita. Sikutaka uache kazi kwa ajili yangu."

Seremala akasema kesho asubuhi ni hospitali, karakana itafungwa, na hilo halina mjadala. Bonge aliona macho ya watu, akafanya kama afanyavyo siku zote.

"Shoga, ingia ule. Nimeshapakua."

"Na wewe?" mumewe akauliza.

"Mimi nilionja jikoni."

Nilimwona seremala akiyasikia maneno hayo ya kila siku kama ndiyo kwanza yanasemwa. Akafungua geti lote.

"Ingia, jirani," akaniambia, bado hajauachia ule mkono. "Leo tunakula watatu. Kwake tutaanza na mchuzi, kijiko kimoja kimoja. Wewe ukae upande wake."